Mahali Pasiposomeka

Kabla chai yake haijapoa, Sekela Mwambungu alikuwa ameshakutana na jina la Tumpe mara nyingi kuliko alivyopenda.

Alikuwa mezani pake katika Hifadhi ya Nyaraka ya Nyanda za Juu, mjini Tukuyu, mvua ikipiga mabati kama kawaida ya mji ule, naye akipitia nakala zilizotoka kwenye mashine ili zitiwe muhuri. Ukurasa wa kwanza, kwenye nafasi ya mama mzazi: Tumpe. Akafunua wa pili: Tumpe. Wa tatu aliitwa Bupe, akashusha pumzi. Wa nne, wa tano na wa sita wote walikuwa Tumpe tena, kila mmoja na ukoo wake.

Akasukuma kikombe pembeni, akaanza upya.

Nakala hizo zilikuwa za watoto wa mkeka. Hakuna mtu Rungwe asiyewajua. Miaka arobaini nyuma, mvua ya masika ilipobomoa mteremko wa Lukonde na tope likafukia vijiji vilivyokuwa chini yake, waokoaji walichimbua vichanga wengi waliokuwa hai karibu na mama zao waliokuwa wameshakufa. Hospitali ya misheni iliwapokea. Vitanda vilipokwisha waliwalaza kwenye mikeka, ubavu kwa ubavu, na wauguzi wakawa wanapita wakiandika, ukurasa mmoja kwa kila mtoto kwa kufuata namba ya mkeka wake, kila walichoambiwa na waliowaleta: mtoto kaokotwa wapi, mama yake nani. Baadaye paa la hospitali liling'oka, maji yakaingia ghalani, na karatasi zile zikagandamana zikawa mafungu magumu kama matofali. Ukijaribu kufungua kwa pupa unabaki na unga mkononi.

Watoto walilelewa, wakakua, wakaoa na kuolewa. Ila kila mmoja alikuwa na swali moja, na jibu lake lilikuwa ndani ya tofali.

Ndipo ikaja Mshonaji. Ilikuwa mashine yenye ukubwa wa kabati, na haikuhitaji kufungua karatasi. Ilipitisha miali katika fungu lililofungwa, ikafuata madini ya chuma yaliyomo katika wino wa zamani, ikatenganisha ukurasa na ukurasa kama mtu anayehesabu maganda ya kitunguu bila kukikata. Palipokuwa na wino, ilisoma. Palipofutika, ililinganisha na mamilioni ya kurasa za zama zile, ikashona neno lililokosekana. Kilichotoka kilikuwa ukurasa safi, mzima, wenye mwandiko uleule wa muuguzi. Jicho halikuweza kujua wapi muuguzi aliishia na wapi mashine ilianzia.

Sekela alijua. Au tuseme, asubuhi ile ndipo alipojua. Alipomaliza kurasa zote, zaidi ya nusu ya kina mama waliofukiwa Lukonde walikuwa wakiitwa Tumpe.

*

Aliyeibuni Mshonaji alikuwa Dokta Fidelis Kahangwa, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Sekela alimkuta akifuta kioo cha mashine kwa kitambaa laini, mwenyewe, ingawa alikuwa na wasaidizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Dokta. Wanawake wangapi waliitwa Tumpe katika wilaya hii?"

"Wengi. Ndilo lililokuwa jina la kawaida kuliko yote wakati ule."

"Nusu yao?"

Kahangwa aliacha kufuta. "Hapana. Labda mmoja katika kumi na tano."

"Basi angalia hizi."

Hakuhitaji kuangalia. Sekela aliliona hilo usoni mwake.

"Mashine haisemi uongo, mama," alisema. "Inachagua lililo karibu zaidi na kweli. Ikiwa wino umekwisha kabisa, hakuna hata chembe, lililo karibu zaidi na kweli ni lile jina waliloitwa wengi."

"Na mwanamke aliyekuwa na jina lake la peke yake?"

"Huyo mashine haiwezi kumpata."

"Ingekuwa haimpati tu nisingekuja hapa. Inamwondoa, inaweka mwingine mahali pake."

Dokta alivuta kiti akampa Sekela, yeye akabaki amesimama. "Nikwambie jambo. Mara ya kwanza nilitoa nakala zenye mapengo, kama unavyotaka wewe. Palipofutika niliandika 'haisomeki.' Watu wakaja, wakakaa kwenye lile benchi la nje na karatasi zao. Mmoja akaniuliza kama Haisomeki ni jina la ukoo, na watu wake wanaishi wapi. Siku ile niliamua sitampa tena mtu karatasi ya namna hiyo."

Sekela alimwona mtu yule benchini kana kwamba alikuwepo.

"Walipimwa damu," Kahangwa aliendelea. "Wachache walipata jamaa. Hawa waliobaki, wilaya nzima haina damu inayofanana na yao. Ukoo wote ulikwenda na tope. Hakuna shangazi atakayetokea kesho kusema umekosea. Nimewapa mama. Niambie nani anaumia."

"Aliyekufa."

"Amekufa, mama."

"Ndiyo. Na jina ndicho kitu pekee alichobakiza. Mimi kazi yangu ni kutunza alichobakiza, hata kikiwa robo. Nipe mafungu niyafungue kwa mkono, niyapige filamu jinsi yalivyo."

"Jumatatu lori linakuja kuyapeleka tanuruni. Ukungu ulioko ndani yake unakula ghala zima, unajua mwenyewe. Mara nakala ya kwanza inapotiwa muhuri, asili zote zinachomwa. Hiyo ni sheria, wala sikuitunga mimi." Akafikiri, kisha akasema, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake kisu kwa upande wa mpini: "Kuna kifungu kimoja. Anayetajwa katika waraka akiikataa nakala, mafungu yote yanabaki mpaka yafunguliwe. Mmoja tu anatosha. Lakini hakuna aliyekataa."

"Hakuna aliyeulizwa," Sekela alisema, akainuka.

*

Alirudi kwanza kwenye chumba chake cha filamu, akakaa kidogo peke yake.

Vijana wapya waliokuja kazini walikuwa wakimwuliza kwa nini mpaka leo serikali inanunua filamu, ilhali skana inapiga kurasa elfu kwa saa. Aliwaeleza kuhusu Mwaka wa Giza, walipokuwa bado watoto, seva kuu zilipozimika, na zilipowashwa tena zikawa zinasoma maandishi ya nchi nzima kama mchanga uliotawanyika. Filamu haikujua kama kulikuwa na giza. Ukanda wa plastiki ngumu, juu yake chembe za fedha. Ukiuosha vizuri mpaka dawa yote itoke, ukaukausha na kuutunza mahali pa baridi, unadumu karne tano. Kuusoma hakutaki umeme wala nywila. Chukua lenzi, simama dirishani. Na fedha ikishashika kivuli, haibadiliki kumfurahisha mtu. Inaonyesha doa, inaonyesha tundu la mende, inaonyesha pengo.

Hilo ndilo alilolipenda maisha yake yote. Sasa lilimtaka aende akamnyang'anye mtu mama.

Maana wa kumwendea alikuwa mmoja. Ambakisye Mwaisumo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, alikuwa mwenyekiti wa chama cha watoto wa mkeka, na nakala yake ilikuwa imeshatiwa muhuri, ya kwanza kabisa. Sekela mwenyewe ndiye aliyempigia muhuri ule. Alikumbuka jinsi Ambakisye alivyoipokea kwa mikono miwili, akasema "ndaga" mara tatu, akishukuru kama anayepewa mtoto.

*

Aliikuta nakala ikiwa imening'inizwa sebuleni, ndani ya fremu ya mbao mpya. Mke wa Ambakisye alileta chai na ndizi za kuchemsha, mgongoni amebeba kichanga.

"Karibu sana, mama," Ambakisye alisema. "Umemwona mgeni wetu? Ana wiki mbili. Tumempa jina la bibi yake."

Sekela alijua jina kabla halijatamkwa. Angeweza kunywa chai, akamsifu mtoto, akaaga. Lori lingekuja Jumatatu, na Jumanne asingekuwapo mtu duniani wa kujua tofauti. Alikitazama kikombe, akakiweka chini.

"Mwanangu, nimekuja na neno zito. Naomba unisikilize hadi mwisho, kisha unifukuze ukitaka."

Alimweleza yote, bila kuzunguka: wino, mashine, jina la wengi. Alipofika kwenye ukurasa wake, alimweleza alichokiona kwenye picha ya kwanza ya mashine, ile ambayo haijashonwa, ambayo alikuwa amemwomba msaidizi wa Dokta amfungulie. "Jina la kijiji lipo. Tarehe ipo. Kwenye jina la mama pamebaki mkia wa herufi moja, unaoshuka chini ya mstari, pale mwanzo kabisa. Tumpe halianzi na herufi yenye mkia."

Mke wa Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto alikohoa, akatulia.

"Kwa hiyo unasema mama yangu ni mkia," Ambakisye alisema.

"Nasema huyo uliyeandikiwa siye."

"Nilikaa miaka arobaini bila jina. Nikapata. Siku ishirini, mama. Nimelala nalo siku ishirini." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Mimi."

"Basi ungekaa nalo wewe. Una nguvu za kukaa na mambo. Kwa nini umeniletea?"

"Kwa sababu Jumatatu wanachoma asili, na wewe ndiye unayeweza kuzuia. Si yako peke yako. Fungu lile lina wenzako wengi. Huenda kuna jina humo linalosomeka kwa mkono ambalo mashine haikuliona. Likichomwa, hakuna atakayelitafuta tena, maana kila mtu ameshapewa Tumpe."

"Toka nyumbani kwangu, mama. Kwa heshima zote."

Sekela alitoka. Njiani mvua ilimnyeshea mpaka kwenye mifupa, lakini hakufungua mwavuli wake. Hakujuta kusema. Alichokijutia ni kwamba kweli haina namna ya kuingia nyumbani kwa mtu ikavua viatu.

*

Jumapili mchana, baada ya ibada, Ambakisye alikuja Hifadhi akiwa na koti lake la kanisani. Sekela alikuwa ndani, akiandaa vifaa vya kufungulia fungu ambalo hakuwa na ruhusa ya kuligusa.

"Nionyeshe huo mkia," alisema.

"Kuuona wenyewe, si picha, lazima nilifungue fungu. Kulifungua lazima uikatae nakala."

"Fungua. Nitatia sahihi."

Sekela aliiweka karatasi ya kukataa mbele yake, naye akaisaini akiwa amesimama, bila kuisoma. Kisha Sekela akaingiza fungu kwenye sanduku la mvuke, akasubiri mpaka karatasi zilipofyonza unyevu na kulegea. Alitumia ubapa wa mwanzi alioulainisha mwenyewe, mwembamba kama ukucha. Unauchomeka kwenye kona, husukumi. Unangoja karatasi ikubali. Ukurasa wa kwanza ulikubali. Wa pili ulikataa, akaurudisha kwenye mvuke. Ambakisye alisimama nyuma yake, kofia mkononi, mtu aliyezoea mitambo inayonguruma, akitazama kazi isiyo na sauti.

Walipoufikia ukurasa wake, Sekela aliuweka chini ya kamera, akawasha taa za pembeni, akaminya kioo juu yake taratibu. Mistari ya muuguzi ilionekana, rangi ya kutu. Kijiji: Lukonde Chini. Umri: miezi minne. Hali: ana homa, ananyonya. Kisha doa kubwa la maji, na mwanzoni mwa doa, mshipa mmoja mwembamba uliopinda ukishuka.

"Herufi gani?"

"Inaweza kuwa G. Au Y. Au J. Zaidi ya hapo sitakwambia, kwa sababu sijui."

Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Aliyeandika alikuwa na haraka," alisema mwishowe.

"Alikuwa na watoto wengi wa kuandika."

"Lakini aliuliza jina lake."

"Aliuliza. Na kulikuwa na mtu aliyelijua, akamtajia."

Ambakisye alijiinua. Macho yalikuwa mekundu, ila uso umetulia, kama wa mtu aliyekwisha kubeba mzigo na kujua uzito wake. "Mtoto wangu atabaki Tumpe," alisema. "Sasa ni jina lake yeye, si la kuazima. Lakini ile fremu nimeishusha. Nilikuwa nikiitazama tangu siku ile, na badala ya mama naona mashine inanidanganya kwa upole." Akavua koti, akakunja mikono ya shati. "Hizi nyingine zinafunguliwaje? Nifundishe."

*

Lori lilikuja Jumatatu, likaonyeshwa ile sahihi, likaondoka tupu.

Wasije watu wakadhani kila mtu alifurahi. Chama kiligawanyika. Wapo waliosema Ambakisye kawauza, na kuna mama mmoja wa kijiji cha Ushirika aliyemtumia Sekela ujumbe kwamba yeye ameshamfanyia marehemu mama yake matanga, na mtu asithubutu kumfukua. Sekela alimjibu kwamba nakala yake ni yake, hakuna atakayeichukua. Alimaanisha hivyo. Hakutaka kumvua mtu kitu. Alitaka tu mahali pamoja duniani pabaki jinsi palivyokuwa.

Dokta Kahangwa alifika siku ya tatu, akawakuta mezani. Alitazama kazi, akaondoka. Siku iliyofuata alirudi na kipulizio cha hewa kavu cha kuzuia ukungu, na habari kwamba amebadilisha Mshonaji: kuanzia sasa neno lililoshonwa litatoka kwa rangi ya bluu, na wakubwa wake wakikasirika watakasirika. "Bado naamini pengo linaumiza," alimwambia Sekela.

"Linaumiza," Sekela alikubali. "Shika kona hiyo, Dokta, usivute."

Watoto wa mkeka wachache walianza kuja kusaidia. Mmojawao alikuwa Lusubilo, mshonaji wa nguo pale sokoni, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Hakumsalimia Sekela. Nakala yake ilimwita mwana wa Tumpe kama wengine, na alisema wazi kwamba hakuja kukataa chochote, amekuja kwa sababu vidole vyake ni vyepesi na hawezi kuvumilia kuona wanaume wanararua karatasi. Kweli, hakuna aliyefungua kurasa vizuri kama yeye.

Walipofika karibu na mwisho wa fungu, kurasa zilibadilika. Kwenye picha za mashine, sehemu ile ilikuwa nyeupe kabisa. Mshonaji haikukuta hata chembe ya wino, kwa hiyo ilikuwa imezijaza zote, tangu kijiji hadi mama, kwa kile ilichoona kinafaa. Lusubilo alitenganisha ukurasa wa kwanza, akauinua, akausukuma kwa Sekela. "Huu hauna kitu."

Sekela aliulaza chini ya kamera. Akazima taa ya juu, akashusha ya pembeni mpaka mwanga ukawa unateleza juu ya karatasi kama maji. Na pale, katika weupe, mistari ya kijivu ikang'aa.

"Penseli," alisema. "Wino uliwaishia wakaandika kwa penseli. Penseli haina chuma. Mashine haikuweza kuiona." Na maji, ambayo hula wino, hayakuwa yameifanya penseli lolote.

Miwani yake ilikuwa na mvuke. Alimpisha Ambakisye, aliyekuwa karibu, naye akainama kwenye kioo akasoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani.

"Mtoto wa kike. Ana kovu la moto kwenye kisigino cha kushoto."

Lusubilo aliacha alichokuwa akifanya.

"Ameokotwa Lukonde Juu, nyumba ya mwalimu. Mama mzazi, amefariki." Ambakisye, aliyekuwa na mkia tu wa herufi, alilitamka jina lile lote, silabi kwa silabi, asipoteze hata moja. "Sikuzani binti Mpulule. Mgeni. Aliolewa hapa kutoka Liuli."

Kahangwa aliweka chini kipulizio chake. Lusubilo alikuwa amekaa, mkono mmoja umeshika kisigino chake juu ya soksi, kama mtu anayezuia damu.

"Rudia," alisema.

Ambakisye akarudia.

"Liuli ni wapi?"

"Kwenye ziwa, upande wa Ruvuma," Sekela alimjibu. "Ni mbali na hapa."

"Waliopimwa damu walikuwa wa wilaya hii tu," Kahangwa alisema, karibu ajisemee mwenyewe. "Liuli hatukufika."

"Tope halikufika huko?"

"Halikufika, mwanangu."

"Kwa hiyo kuna watu."

"Kuna watu," Sekela alisema.

Lusubilo alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akaisogeza taa irudi mahali pake ilipokuwa imeteleza kidogo.

"Basi piga hiyo filamu vizuri, mama," alisema. "Unitolee na nakala, niende nayo."